Kabla Hawajafunga Kibanda Chako: Swali Ambalo Mahakama Huuliza

(Hotuba kwa vijana wa Kibera na Kawangware)

Ndugu zangu na dada zangu, wa Makina, Lindi, Laini Saba, na nyinyi mliotoka Kawangware, Gatina na Riruta, karibuni. Leo sitaongea siasa. Nataka tuongee juu ya kitu kinacholisha nyumba zetu: biashara ndogo. Kibandaski, mtumba pale Toi, pikipiki ya boda, meza ya viazi karai, duka la kutuma pesa, mandazi ya asubuhi kwenye steji ya 46. Wengi wetu hatuna barua ya ajira. Tuna meza, tuna mtaji wa elfu mbili tatu, na tuna Mungu.

Na kila siku kuna mtu wa serikali mwenye la kusema kuhusu hiyo meza. Kuna leseni, kuna ada, kuna cheti cha afya, kuna ilani, na kuna lori la kanjo. Swali ambalo vijana hutuuliza mara nyingi ni hili: "Kwani serikali ina haki ya kuniambia nifanye biashara yangu vipi?"

Jibu ni ndiyo, inayo. Na ukienda mahakamani kusema haina, utarudi nyumbani mapema sana. Mahakama za Kenya zimekubali mara nyingi kwamba serikali inaweza kutoza, kupanga, kuzuia na hata kufunga. Penye kesi kubwa kubwa ni kwenye swali lingine: serikali imefanya hivyo kwa njia gani? Ilifuata sheria? Iliuliza watu? Ilimsikiliza mwenye kibanda kabla ya kukifunga? Nitawapa kesi chache, mtaona wenyewe.

*Kiambu, 2014*

Tuanze na majirani zetu. Kiambu si mbali, mtu wa Kawangware anapanda matatu moja amefika Kikuyu. Mwaka 2013 bunge la kaunti hiyo lilipitisha Sheria ya Fedha, ile inayosema kila biashara italipa kiasi gani. Wakaazi wakaenda mahakamani, wakiongozwa na mwananchi anayeitwa Robert Gakuru. Malalamiko yao makubwa: hatukuulizwa.

Aprili 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu akaifuta sheria hiyo yote. Hakufuta kwa sababu kaunti haina mamlaka ya kutoza. Katiba inaipa mamlaka hayo. Alifuta kwa sababu katiba hiyo hiyo, kifungu cha 196, inataka bunge la kaunti liwashirikishe watu, na yeye hakuona kwamba watu walishirikishwa kikweli. Kaunti ikakata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na Jaji Odunga.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo mimi huirudia kila mahali. Jaji alitaja kaunti ilipaswa kuwafikia watu wapi. Akataja makanisa, misikiti, mahekalu, baraza za hadhara, redio za kitaifa na zile za lugha za kienyeji. Yaani mahali ambapo watu hukusanyika kweli. Msikiti umeandikwa ndani ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Kenya kama mahali pa kuwapelekea wananchi habari za sheria inayotungwa.

Kwa hiyo mkisikia kaunti ya Nairobi inatunga sheria ya fedha ya mwaka unaofuata, na tangazo limewekwa gazetini kwa maandishi madogo, mna msingi wa kuuliza: mbona hamkuja msikitini? Mbona hamkuja Toi? Lakini na sisi tujiulize. Wakija, nani atakuwa amesoma ule mswada? Ukumbi ukiwa mtupu na karatasi ya kusaini ina majina manane, mahakama nayo itaiona hiyo karatasi.

*Kampuni ya sigara, 2019*

Mtu atasema, basi kila sheria tunaweza kuiangusha kwa kusema hatukuulizwa. Pole pole.

Kampuni ya British American Tobacco ilipinga kanuni za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014. Hii si mama mboga, hii ni kampuni kubwa yenye mawakili wa kutosha. Moja ya hoja zao ilikuwa ile ile ya Kiambu, kwamba ushirikishaji wa umma haukutosha. Wakapigania Mahakama Kuu, wakaenda Rufaa, mpaka Novemba 2019 kesi ikaamuliwa na Mahakama ya Juu. Kampuni ikashindwa. Majaji waliangalia mikutano iliyofanyika na maoni yaliyopokelewa, wakaona wizara ilikuwa imeshirikisha watu.

Katika hukumu hiyo Mahakama ya Juu ikaweka vipimo. Ushirikishaji uwe wa kweli, usiwe wa kujaza fomu tu. Watu waelezwe jambo lenyewe ni lipi na wapewe nafasi ya kutosha kusema. Lakini kuulizwa maoni si ahadi kwamba maoni yako ndiyo yatafuatwa.

Linganisheni hizo mbili. Wananchi wa kawaida wa Kiambu walishinda, kampuni tajiri ya sigara ikapoteza. Swali lililoulizwa lilikuwa moja, ushahidi ndio uliokuwa tofauti. Kule kaunti haikuweza kuonyesha kazi yake, huku wizara iliweza.

*Hawala na akaunti, 2015*

Hii tunaijua kwa machungu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Ilikuwa dhulma kubwa, na hakuna mtu mwenye imani anayeweza kuitetea. Siku chache baadaye serikali ikatoa orodha ya majina 86, ya watu na mashirika, iliyodai yanashukiwa kuhusika na ugaidi. Akaunti zikafungwa. Benki Kuu nayo ikasimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, zile tunazoziita hawala.

Fikirieni maana yake mtaani. Mama anasubiri pesa ya mwanawe aliye Dubai au Minneapolis ili alipe kodi ya nyumba. Hana kesi, hana shitaka, hata hajui kuna orodha. Lakini dirisha limefungwa.

Kwenye orodha hiyo kulikuwa na mashirika mawili ya haki za binadamu ya Pwani, MUHURI na Haki Africa. Wao wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 yenyewe ina hatua zake: kabla hujaitwa hivyo, unapaswa kuelezwa na kupewa nafasi ya kujitetea. Juni 2015 Jaji Anyara Emukule akasema hakuonyeshwa ushahidi wa kuyaunganisha mashirika hayo na ugaidi. Watu wakashangilia. Lakini akaunti? Zilibaki zimefungwa. Ilibidi warudi mahakamani, na Novemba 2015 ndipo amri ya kuzifungua ikatolewa. Kutoka Aprili mpaka Novemba ni miezi saba ya kukosa mishahara na kodi ya ofisi.

Hapo kuna somo ambalo wengi hulipita. Kutangazwa kuwa uko sawa ni jambo moja. Amri inayomwambia benki "fungua leo" ni jambo lingine. Ukienda mahakamani, taja waziwazi unataka mahakama iamuru nini, na imwamuru nani.

Na hizo hawala 13? Zilirudishiwa ruhusa Juni 2015, baada ya mazungumzo na Benki Kuu kuhusu usimamizi wao. Kwa hiyo kuna njia ya hukumu na kuna njia ya meza. Mara nyingi mwenye hesabu safi na makaratasi kamili ndiye anayesikizwa upesi kwenye zote mbili.

*Muguka, 2024*

Sasa niseme jambo ambalo halitampendeza kila mtu hapa. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku kuingiza, kuuza na kutumia muguka katika kaunti yake, akisema unaharibu vijana na watoto. Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Wengi wetu tulifurahi. Tunaona mtaani muguka unafanya nini kwa vijana, hatuhitaji kuelezwa.

Watu wa Embu, ambako zao hilo hulimwa, wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo kwa muda kesi ikisubiri kusikizwa. Mitandaoni vijana wetu wakaandika kwamba mahakama imeuzwa, kwamba majaji wanapenda muguka.

Ndugu zangu, tuwe waangalifu. Agizo la muda halisemi muguka ni mzuri. Linasema tulieni hapo mlipo, tusikize pande zote, maana kuna mkulima na muuzaji ambao riziki yao imekatwa kwa tangazo, na zao lenyewe linatambuliwa na sheria ya taifa. Jiulize: hilo lina tofauti gani na lile tulilolilia sisi mwaka 2015? Sisi tulisema, msifunge kwanza halafu muulize baadaye. Mkulima wa Embu amesema maneno hayo hayo.

Hatuwezi kudai utaratibu siku ambayo ni hawala yetu, halafu tuukanyage siku ambayo ni shamba la mwingine. Ukiona muguka ni madhara, na mimi naona hivyo, njia ipo: peleka maoni bungeni, leta madaktari, leta wazazi, tunga sheria inayoweza kusimama mbele ya jaji. Ile kesi ya sigara imetuonyesha kwamba sheria ya kulinda afya, ikitengenezwa vizuri, inaweza kuishinda hata kampuni kubwa.

*Mtu mwenyewe anapokamatwa*

Kuna upande mwingine, ambapo hawafungi biashara, wanamfunga mfanyabiashara.

Malawi kulikuwa na muuzaji wa mifuko ya plastiki, Mayeso Gwanda. Machi 2015, alfajiri, akielekea kwenye biashara yake Blantyre, polisi wakamkamata kwa sheria ya kikoloni dhidi ya wazururaji. Kosa lake lilikuwa kuonekana barabarani saa hiyo bila maelezo ya kuwaridhisha. Akaenda Mahakama Kuu, na Januari 2017 kipengele hicho kikatangazwa kuwa kinyume cha katiba. Baadaye, Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ikatoa maoni kwamba sheria za namna hiyo barani zinakiuka haki, na nchi zinapaswa kuzirekebisha. Muuzaji mmoja wa mifuko ndiye aliyefungua njia huko kwao.

Huku kwetu, kariri hivi kama unavyokariri namba yako ya simu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 49: ukikamatwa, uelezwe sababu mara moja kwa lugha unayoelewa. Ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zimeisha korti ikiwa imefungwa. Na kifungu hicho, sehemu ya pili, kinasema kama kosa adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, huwezi kuwekwa rumande ukisubiri kesi. Makosa mengi madogo ya barabarani na ya vibanda yako hapo.

Lakini elewa vizuri. Hiyo haimaanishi huwezi kukamatwa. Na haimaanishi ukikiri kosa, ukapigwa faini na ukakosa kulipa, hutafungwa. Ndiyo maana usikubali kosa ambalo hulielewi ili tu umalize haraka urudi sokoni. Kama huelewi lugha ya korti, kifungu cha 50 kinakupa mkalimani bila malipo. Omba.

*Utaratibu unatubana na sisi*

Nimesema utaratibu unaibana serikali. Unatubana na sisi pia, na hapa ndipo kesi zetu nyingi hufa.

La kwanza, mlango. Kuna hukumu ya mwaka 1992, ya Spika wa Bunge dhidi ya Njenga Karume, ambayo mawakili huitaja kila siku. Inasema kama sheria imeweka njia maalum ya kutatua jambo, ifuate hiyo njia kwanza. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 nayo inasema hivyo, ila mahakama inaweza kukuruhusu kuruka kukiwa na sababu ya kipekee. Kwa hiyo kama shida ni ushuru wa KRA, kuna Mahakama ya Rufaa za Ushuru. Kama ni leseni ya gari au pikipiki kutoka NTSA, kuna bodi ya rufaa za leseni za uchukuzi. Kama ni mwenye nyumba anayekufukuza dukani, kuna mahakama maalum ya kodi za biashara, na kwa kawaida mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi anapaswa kupewa notisi ya miezi miwili, kwa fomu ya sheria. Ukikimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja, unaweza kufukuzwa kabla hata hujasema neno juu ya ukweli wa kesi yako.

La pili, maneno. Hukumu ya Anarita Karimi Njeru ya 1979 inataka useme wazi: haki ipi imevunjwa, kifungu kipi, na imevunjwa vipi. Kusema "tunaonewa" ni kilio cha kweli, lakini jaji hawezi kukiandikia amri. Sema: tarehe fulani, saa fulani, maafisa hawa walichukua bidhaa hizi, bila notisi, na nilipoomba sababu sikupewa.

La tatu, wakati. Ukitaka Mahakama Kuu ifute uamuzi wa ofisi ya serikali kwa njia ya mapitio, sheria ya zamani inaweka miezi sita kwa amri ya kufuta. Usikae na barua ndani ya kabati ukisubiri mheshimiwa aisuluhishe baada ya uchaguzi.

La nne, sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapoumiza haki yako. Na ile sheria ya 2015 inaongeza kitu kitamu sana: ukiomba sababu wasikupe, sheria inachukulia kwamba hatua ile haikuwa na sababu ya maana, mpaka wathibitishe vingine. Barua ya mistari minne, na nakala yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, inaweza kuwa na nguvu kuliko maandamano ya siku mbili.

Na la mwisho, msiogope gharama za kuingia. Kifungu cha 22 kinasema kesi ya kutetea haki za katiba haitozwi ada ya kuifungua, na mahakama inaweza kupokea hata barua ya kawaida. Wakili mzuri ni neema, tutawatafutieni pale tunapoweza. Ila mlango wenyewe haujafungwa kwa pesa.

*Tutoke hapa na nini?*

Naomba kila soko na kila steji iwe na daftari moja. Litunzwe na mtu mmoja mnayemwamini, bora awe dada, maana wao ndio hukaa mezani kutwa. Ndani yake muandike kila tukio: tarehe, saa, nani alikuja, alionyesha kitambulisho gani, alichukua nini, alitoa risiti au hakutoa. Piga picha ya leseni yako na ya kila risiti, utume kwa mtu wa pili, simu huibiwa. Ukiambiwa "toa kitu kidogo tumalize", kumbuka hongo haina risiti, na kitu kisicho na risiti hakitakutetea kesho.

Tuwe na watu wawili Kibera na wawili Kawangware ambao kazi yao ni kufuatilia matangazo ya bunge la kaunti. Mswada wa fedha ukitoka, tuusome pamoja baada ya Isha, kwa Kiswahili, tuandike maoni, tuyapeleke kwa maandishi. Na tusiende peke yetu. Mama mboga wa kanisani na fundi wa viatu asiye na dini yoyote wanalipa ada hiyo hiyo. Waiteni.

Na wewe mwenyewe lipa leseni unayopaswa kulipa, safisha jikoni lako, usizibe njia ya wapita kwa miguu. Anayedai utaratibu anasimama vizuri zaidi akiwa yeye mwenyewe ameufuata.

Lori likija siku hiyo, usirushe jiwe, na usikimbie ukiacha bidhaa. Uliza jina. Uliza sheria gani. Omba barua. Andika kwenye daftari. Halafu utupigie.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.